Maswali ya Wanafunzi juu ya Kiingereza, na Jinsi ya Kuyajibu

Kila mwalimu aliyepata kuwafundisha Kiingereza watu wasemao Kiswahili ayajua makosa yasiyokwisha. Jioni asahihishapo daftari thelathini, huona kosa lile lile katika daftari ishirini. Hulieleza ubaoni asubuhi, na jioni hulikuta tena limekaa mahali pake. Aghalabu husema moyoni kwamba wanafunzi hawa ni wavivu, au hawasikii. Sisi twaona sivyo. Kosa la mtu mmoja laweza kuwa la uvivu. Lakini kosa wanalolifanya watu ishirini kwa namna moja lina sababu, na sababu hiyo yapasa kutafutwa katika lugha waliyoinyonya pamoja na maziwa ya mama zao. Mwanafunzi hafikiri vibaya. Afikiri vizuri sana, ila afikiri kwa Kiswahili, kisha avika maneno ya Kiingereza juu ya fikira ile, na vazi halimwenei.

Basi katika kurasa hizi twataka kuyatazama maswali machache ambayo wanafunzi huyauliza sana, au wangeyauliza kama wangethubutu, na kwa kila moja kuonyesha njia ya kulieleza. Hatukukusudia kuandika sarufi nzima. Vitabu vya sarufi viko. Tumeyachagua yale ambayo, yasipofahamika vema, humletea mtu hasara: kudhaniwa mwongo, kudhaniwa hana imani, au kuandikwa vibaya katika kitabu cha ndoa.

1. "A" na "the"

Kiswahili hakina maneno haya mawili. "Kitabu kimepotea" chaweza kuwa kitabu cho chote, au kile tunachokijua sote. Kwa hiyo mwanafunzi huyaacha maneno haya kabisa, au huyanyunyiza kila mahali kama chumvi. Mwalimu humwambia, "The ni ya kitu maalum." Neno hili halimsaidii, kwa kuwa machoni pa mwenye kusema kila kitu ni maalum.

Twaona njia iliyo bora ni kumrudisha mwanafunzi barazani, kwa mzee atoaye hadithi. Mzee huanza: "Palikuwa na mtu mmoja, naye alikuwa na mbuzi mmoja." Kisha huendelea: "Basi yule mtu akamfunga yule mbuzi mtini." Hapa "mmoja" si hesabu. Hakuna msikilizaji aliyeuliza kama walikuwa wawili. Kazi yake ni kumwingiza mgeni barazani kwa mara ya kwanza. Nalo "yule" halionyeshi kwa kidole, kazi yake ni kuwaambia wasikilizaji, "Huyu mnamjua, nimekwisha mtaja." Sasa mwambie mwanafunzi kwamba Mwingereza hufanya hivyo hivyo, ila hafanyi katika hadithi tu, hufanya katika kila sentensi. Mahali pa "mmoja" wa kuingiza huweka "a". Mahali pa "yule" wa kukumbusha huweka "the".

Wala huu si mfano wa kubuni. Katika Kiingereza cha kale "a" na "an" lilikuwa ndilo neno la "moja", na "the" lilitoka katika neno la kuonyesha, la ukoo mmoja na "that". Maneno haya yalitumiwa sana hata yakapunguka sauti na uzito. Kwa hiyo msimulizi wetu wa Kiswahili anasimama leo pale waliposimama mababu wa Waingereza, na mwanafunzi ana ufunguo mkononi bila kujua.

Kiswahili kina dalili nyingine iliyo karibu na hii. Ukisema, "Umeleta kitabu?" waweza kumaanisha kitabu cho chote. Ukisema, "Umekileta kitabu?" msikilizaji ajua ni kile mlichokizungumza. Hiyo silabi -ki- yafanya kazi kama ya "the". Walakini dalili hii yafaa kwa vitu hasa. Kwa watu silabi -m- hutiwa hata mtu asipojulikana.

Mwalimu awe mkweli, aonyeshe na mahali ambapo ufunguo huu haufungui. Kwanza, kuna vitu vijulikanavyo na wote bila kutajwa, kama vile jua, mwezi, na mlango wa nyumba tuliyomo. Hivi vyataka "the" tangu mara ya kwanza. Pili, kazi ya mtu yataka "a". Sisi twasema, "Yeye ni mwalimu", wala hatusemi "mwalimu mmoja". Mwingereza hana budi kusema "He is a teacher". Tatu, wingi wa jumla, kama vile watu kwa ujumla au vitabu kwa ujumla, hauchukui neno lo lote. Mambo haya matatu yajifunzwe kwa moyo; mengine yote yapimwe kwa kipimo cha hadithi.

2. "Yeye", "wewe", na "Thou"

Mwanafunzi huandika, "My mother is sick, he is in bed." Wageni hucheka, wakidhani hajui tofauti ya mama na baba. Aijua, ila lugha yake haikumtaka aitaje. Kiswahili huyagawa majina kwa ngeli, na katika ngeli ya viumbe wenye uhai silabi a- yamtosha baba, mama, mbuzi na samaki. Kwa hiyo katika kusema kwake hakuna hatua ya kujiuliza, "Je, ni mume au mke?" Hatua hii yapasa kujengwa kwa mazoezi, na mazoezi yaliyo bora ni ya kusimulia habari za watu wawili, mume na mke, kwa sauti, hata ulimi uzoee. Kucheka hakujengi kitu.

Katika neno la pili Kiswahili ndicho chenye utajiri. Sisi tuna "wewe" na "ninyi". Mwingereza wa leo ana "you" peke yake. Mwanafunzi asomaye Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, au kitabu cha sala cha mwaka 1662, hukuta "thou", na kwa kuwa huliona katika sala, hudhani ni neno la heshima kuu. Kumbe "thou" maana yake ni "wewe" tu, na "ye" ni "ninyi". "You" lenyewe lilikuwa la wingi. Zamani Waingereza walianza kumwambia mkubwa mmoja kwa neno la wingi ili kumheshimu, kama wafanyavyo hata sasa wasemao Kinyanja. Kisha heshima ikaenea kwa watu wote, na baada ya karne ya 17 "thou" likatoweka katika mazungumzo ya wengi. Basi mwenye kusali kwa "Thou" amwambia Mungu neno la udugu wa karibu, kama sisi tumwambiavyo "Wewe". Mwalimu wa dini akilijua hili, atakuwa na jambo jema la kuwaambia wanafunzi wake.

3. Silabi -me- si "have" siku zote

"Nimeandika barua" ni "I have written a letter". "Niliandika barua jana" ni "I wrote a letter yesterday". Mpaka hapa lugha hizi mbili zaenda pamoja, na walimu wengi husema, "-me- ni have, -li- ni wakati uliopita," wakaishia hapo. Hapo ndipo penye mtego.

Silabi -me- hutaja tendo lililokwisha, lakini mara nyingi nia ya msemaji ni juu ya hali iliyobaki baada yake. "Mtoto amelala": hatusemi kwamba alilala akamaliza, twasema yuko usingizini sasa. Kwa Kiingereza ni "The child is asleep". "Amesimama mlangoni" ni "He is standing at the door". "Amevaa kanzu" ni "He is wearing a kanzu". "Nimechoka" ni "I am tired". Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba -me- ni "have" ataandika "The child has slept", na Mwingereza atafahamu kwamba mtoto amepata usingizi wake, na labda yu macho. Fikiri msaidizi wa hospitali aandikapo habari ya mgonjwa wa usiku. Yeye ataka kusema kwamba mgonjwa amelala tangu jioni na haamki. Daktari asoma "The patient has slept", afurahi, aenda kwa wengine. Kosa la neno moja laweza kufika mbali.

Kwa hiyo mfundishe mwanafunzi kujiuliza maswali matatu. Je, -me- hii yataja hali ya mwili ionekanayo sasa, kama kulala, kukaa, kusimama, kuvaa, kuchoka, kulewa? Basi atumie "is" au "are". Je, yataja kazi iliyokwisha, ambayo matunda yake yapo? Basi atumie "have" au "has". Je, sentensi yataja siku au mwaka uliopita? Basi "have" haina nafasi kabisa, wala hata mara moja asiandike "I have arrived yesterday".

Pamoja na haya lipo swali la "since" na "for". "Tangu" hutaja mwanzo, nayo ni "since"; "muda wa" hutaja urefu, nayo ni "for". Tena Kiswahili chaweza kusema, "Ninakaa hapa tangu mwaka 1990," lakini Kiingereza hakisemi "I am living here since 1990". Chataka "I have lived", kwa kuwa kazi hii yaunganisha wakati wa nyuma na wakati wa sasa.

Silabi -na- nayo ina mtego wake. "Ninasoma" yaweza kuwa "I am reading", basi mwanafunzi huona ni haki "ninajua" iwe "I am knowing". Kiingereza hutumia -ing kwa kazi iliyomo mikononi. Matendo ya moyo na akili, kama vile kujua, kupenda, kusadiki, kutaka na kufahamu, hayatiwi -ing katika kusema kwa kawaida. Mwanafunzi aliyejifunza Imani kwa Kiingereza aijua kanuni hii tayari, maana neno lake la kwanza la kutenda ni "believe", si "am believing". Na arudi hapo kila akiwa na shaka.

4. "If" na "when"

Twalitaja jambo hili kwa uzito, kwa kuwa laigusa kazi ya mahubiri. Kiswahili kina silabi -ki-, nayo haichagui. "Mgeni akija, mwambie angoje" yaweza kusemwa kwa mgeni atakayekuja bila shaka, na kwa mgeni ambaye labda hatakuja. Kiingereza hakikubali kukaa katikati. "When" yasema: jambo litakuwa, twangojea wakati wake tu. "If" yasema: huenda likawa, huenda lisiwe.

Tulipata kumsikia katekista mmoja, mtu wa imani thabiti, akihubiri kwa Kiingereza mbele ya wageni. Akasema, "If we die", akasema tena, "If the Lord comes again". Wageni wakatazamana. Baada ya ibada mmoja wao akauliza kwa upole kama mhubiri ana shaka juu ya marejeo ya Bwana. Hakuwa na shaka hata kidogo. Moyoni alikuwa akisema "Tukifa" na "Bwana akija", kama kila Mkristo asemavyo katika Kiswahili bila kumkwaza mtu. Silabi moja ndogo ilikuwa imegeuza imani kuwa mashaka.

Na kinyume chake huwapo. Mtu amwandikiaye mdai wake "When I fail to pay", akitaka kusema "Nikishindwa kulipa", amekwisha kumwahidi kwamba hatalipa.

Dawa yake i ndani ya Kiswahili chenyewe. Kabla ya kufasiri -ki-, mwanafunzi aigeuze sentensi yake kwa njia mbili: mara kwa -po-, "Bwana atakapokuja", na mara kwa "kama", "Kama Bwana atakuja". Moyo wake utamwambia mara moja ni ipi isemayo kweli anayoikusudia. Ikiwa ni ya -po-, aandike "when". Ikiwa ni ya "kama", aandike "if".

5. "Yes" na "no"

Mwulize mtu kwa Kiswahili, "Hukwenda sokoni jana?" Kama hakwenda, aweza kukujibu, "Ndiyo, sikwenda." Maana yake ni, "Ndivyo, maneno yako ni kweli." Ndiyo yake yajibu maneno ya muulizaji. Lakini "yes" ya Mwingereza haiyatazami maneno ya muulizaji. Yalitazama jambo lenyewe. Tendo likiwapo, "yes". Lisipokuwapo, "no", hata swali liulizwe kwa namna gani. Kwa hiyo "Did you not go?" hujibiwa "No, I did not".

Tofauti hii ni ndogo ubaoni, lakini si ndogo mbele ya hakimu. Shahidi aulizwapo kwa Kiingereza, "Did you not see him?" naye akajibu "Yes" kwa maana ya "Ndiyo, sikumwona", karani ataandika kwamba alimwona. Akiulizwa tena baadaye akasema hakumwona, ataitwa mwongo. Naye alisema kweli mara zote mbili. Hali kadhalika mtoto wa shule aulizwapo, "Have you not finished?" akajibu "Yes", akaadhibiwa kwa udanganyifu.

Yafaa wanafunzi waambiwe kwamba Waingereza wenyewe walitatizwa na jambo hili. Zamani walikuwa na maneno manne: "yea" na "nay" yalijibu swali la kawaida, na "yes" na "no" yalijibu swali lenye kukanusha. Watu hawakuishika sana kanuni hii. Mwaka 1532 Thomas More alimlaumu William Tyndale kwa kuchanganya "no" na "nay" katika tafsiri yake ya Agano Jipya. Mwisho wake maneno mawili yaliachwa, mawili yakabaki.

Shauri letu kwa mwalimu ni hili. Kwanza, asiulize maswali ya kukanusha pasipo haja, aulize "Did you go?" Pili, awazoeze wanafunzi kujibu kwa sentensi nzima, "I went" au "I did not go". Sentensi nzima haina mtego katika lugha yo yote. Na padre aulizaye maswali ya ubatizo au ya ndoa kwa Kiingereza mbele ya wasemao Kiswahili, na ashike shauri hili kuliko wote.

6. Ukoo, na kitabu cha ndoa

Mwanafunzi huuliza, "Baba mdogo ni nani kwa Kiingereza?" Huambiwa "uncle". "Na mjomba?" Huambiwa tena "uncle". Hushangaa, maana kwake hawa ni watu wawili wenye haki na wajibu mbalimbali. Baba mdogo na baba mkubwa ni baba; mjomba ni kaka au ndugu wa mama. Vivyo hivyo "aunt" huwafunika shangazi na mama mdogo pamoja. Hapa Kiingereza ni maskini, na mwanafunzi asilazimishwe kuamini kwamba lugha yake ndiyo iliyochanganyikiwa.

Kwa upande wa pili, "ndugu" ni neno pana, na "brother" ni jembamba. Mtoto wa baba mdogo ni ndugu yangu. Mwingereza humwita "cousin". Basi mwanafunzi aandikapo katika barua kwamba "brother" wake amekufa, kisha mwezi wa pili aandika tena, na wa tatu, mwenye shule hudhani anadanganya ili apate ruhusa. Hakudanganya. Wote walikuwa ndugu zake, naye alipaswa kuwazika.

Jambo hili lina uzito zaidi katika ndoa. Katika makabila mengi ya bara mtoto wa mjomba au wa shangazi aweza kuolewa, pengine ndiye apendelewaye, na mtoto wa baba mdogo ni mwiko kabisa, kwa kuwa ni ndugu. Kiingereza huwaita wote "cousin". Nayo makanisa hayana sheria moja: jedwali la ukoo la Kanisa la Uingereza haliwakatazi "cousins" kuoana, na sheria ya Kanisa Katoliki yawazuia wa daraja la kwanza wasipopata ruhusa. Padre aandikaye "cousin" katika kitabu chake ameficha habari ile ile ambayo atakayemfuata atahitaji kuijua. Twashauri neno hili lisiandikwe peke yake. Iandikwe njia yote: "his father's younger brother's daughter", au "her mother's brother's son". Ni maneno mengi, lakini wino ni rahisi kuliko shauri la ndoa lililoharibika.

7. "Pole" na "sorry"

Mgeni akijikwaa jiwe, sisi twasema "Pole". Kwa Kiingereza mwanafunzi husema "Sorry", na mgeni hujibu, "Si kosa lako." Mwanafunzi hushangaa, maana hakusema kwamba ni kosa lake. Katika Kiingereza "I am sorry" ina kazi mbili, kuhuzunika pamoja na mtu na kukiri kosa. Na ikisemwa peke yake, neno moja tu, aghalabu husikiwa kama kukiri. Kiswahili huzitenga kazi hizi: "pole" ni ya huruma, "samahani" na "niwie radhi" ni za kosa.

Kwa hiyo mwanafunzi afundishwe kutaja sababu. Kwa mfiwa aseme, "I am sorry for your loss". Kwa aliyemkosea aseme, "I am sorry that I was late". Na kwa mtu anayefanya kazi nzito tu, ambaye sisi twamwambia "Pole na kazi", akubali kwamba Kiingereza hakina neno. Ni afadhali kunyamaza na kumpokea mzigo.

8. Maneno mengine kwa ufupi

Kusikia. Twasikia sauti, harufu, baridi, njaa na uchungu. "Hear" ni ya masikio tu. Harufu yataka "smell", na mengine yote "feel".

Kuazima. Mtu huazima kitabu kwa mwenziwe, tena humwambia, "Niazime." Kiingereza hutenga: apokeaye hu-"borrow", atoaye hu-"lend". Mwanafunzi akumbuke "kukopa" na "kukopesha". Penye -sha pana "lend".

Kufanya. "Make" ni kufanya kitu kikawapo, kama meza au mkate. "Do" ni kutenda kazi, kama kazi ya shule au mema. Kanuni hii ina mikato mingi, lakini ni mwanzo mwema.

Kusema na kuambia. Hapa Kiswahili ni mwalimu. "Kuambia" haikai bila mtu: aliniambia, aliwaambia. "Tell" nayo, katika kutoa habari, yataka mtu: "He told me". "Kusema" yaweza kukaa peke yake, na "say" vivyo hivyo. Ajuaye kwamba "aliambia kwamba" si Kiswahili, na ajue kwamba "he told that" si Kiingereza.

Kuleta na kupeleka. "Bring" ni kuleta, "take" ni kupeleka. Wanafunzi wetu hawakosei hapa wakikumbushwa.

Habari, mashauri, mizigo. "News", "information", "advice", "luggage" na "furniture" hayana wingi, wala hayahesabiwi. Hakuna "advices" wala "an information". "News", ingawa yaishia kwa s, hufuatwa na "is".

Mahali. Mwisho wa -ni watatiza, kwa kuwa "nyumbani" yaweza kuwa "in", "at" au "to". Lakini Kiswahili hutenga katika neno lifuatalo: "nyumbani mwake" ni ndani, yaani "in"; "nyumbani pake" ni mahali penyewe, yaani "at"; "nyumbani kwake" aghalabu ni upande wa kwenda, yaani "to".

Saa. Saa mbili asubuhi ni "eight o'clock", kwa kuwa sisi twahesabu tangu kucha, kama wahesabuvyo watu katika Injili. Tangazo la ibada likiandikwa kwa Kiingereza "two o'clock" kwa maana ya saa mbili, wageni watafika milango imefungwa kitambo.

9. Magomvi ya Waingereza wenyewe

Mwisho, wako wanafunzi hodari ambao hukuta katika vitabu kanuni ambazo Waingereza wenyewe hawapatani juu yake. Kanuni ya "shall" na "will", kwamba moja ni ya mimi na nyingine ya wewe na yeye, iliandikwa na John Wallis mwaka 1653, leo Waingereza wengi husema "will" kwa wote, na "shall" imebaki hasa katika sheria na katika maswali kama "Shall we go?" Katazo la kumaliza sentensi kwa neno kama "with" au "of" lilitiliwa nguvu na John Dryden katika karne ya 17, lakini H. W. Fowler, katika kitabu chake cha mwaka 1926, alilihesabu kuwa ushirikina. "Whom" imepungua sana katika kusema, ingawa bado ni sahihi katika kuandika. "Fewer" ya vitu vihesabikavyo na "less" ya visivyohesabika ni tofauti nzuri ya kufundisha, wala asiyeishika katika mazungumzo hana dhambi kubwa.

Twayataja haya ili mwalimu apime mahali pa kutumia nguvu zake. Kuna mwalimu atumiaye juma zima juu ya "shall", na wanafunzi wake bado hujibu "Yes" mahali pa "No". Huyo afagia ua, na nyumba yawaka moto.

Maneno ya kumalizia

Katika yote tuliyoyaandika jambo moja limerudi mara kwa mara: karibu kila kosa lina mzizi katika Kiswahili, na karibu kila dawa yake imo humo humo. Kwa hiyo mwalimu wa Kiingereza asiyejijulisha sarufi ya Kiswahili ni kama mganga atoaye dawa bila kumwuliza mgonjwa anaumwa wapi. Haya yawahusu wageni, na yawahusu vile vile wenyeji, maana wengi wetu twasema lugha yetu vizuri bila kupata kuitazama.

Twawashauri ndugu zetu walimu kuwa na daftari dogo, na kila kosa linalofanywa na wengi waliandike humo, na kando yake sentensi ya Kiswahili ambayo mwanafunzi alikuwa nayo moyoni. Wamwulize mwanafunzi mwenyewe: "Ulitaka kusema nini?" Swali hili lina faida kuliko wino mwekundu. Nao mapadre, wanapomsikia mtu akisema kwa Kiingereza neno lisilo la imani au lisilo la kweli, wamwulize swali hilo hilo kabla ya kumhukumu. Mara nyingi watakuta kwamba mtu yule alisema kweli, na kwamba kosa lilitokea njiani tu, kati ya lugha na lugha.